Senema ya Watu Waliorudi Zamani

Aliye na kitabu akifungue, na asiye nacho asogee kwa jirani yake. Nawe unayesoma maneno haya peke yako nyumbani, baada ya somo kwisha hewani, soma polepole. Hakuna anayekufukuza.

Leo tutasoma habari za senema moja ya kuchekesha, yenye nyimbo ndani yake, iliyotengenezwa Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Labda utauliza, "Je, mchezo wa kuchekesha nao ni historia?" Ngoja kidogo, utaona. Lakini kwanza namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni tarakimu hizi, moja chini ya nyingine, na aziache hapo mpaka tumalize: 1558, 1603, 1607, 1616, 1944. Usiogope tarakimu. Kabla somo halijaisha tutazitumia kuwakamata watu wanaosema uongo, tena uongo mtamu.

Tuanze na ile ya mwisho, 1944. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tano. Uingereza ni kisiwa, na sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa ikija kwa meli, na meli nyingi zilikuwa zimezamishwa na nyambizi za Wajerumani. Kwa hiyo, tangu Januari 1940, serikali iligawa chakula kwa vipimo. Kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgawo. Sukari ilikuwa kwa kawaida nusu ratili kwa mtu mmoja kwa wiki nzima. Siagi, nyama, mafuta, chai, vyote kwa kipimo. Tangu Juni 1941 hata nguo zilikatiwa mgawo: huwezi kununua koti jipya kwa sababu tu fedha unazo. Usiku taa za barabarani zilizimwa na madirisha yakafunikwa kwa vitambaa vyeusi, ili ndege za adui zisiuone mji. Mwishoni mwa 1940 London ilipigwa mabomu usiku 57 mfululizo, kuanzia tarehe 7 Septemba. Mpaka mashambulio yale makubwa yalipopungua katikati ya 1941, zaidi ya watu 40,000 wasio askari walikuwa wamekufa katika miji ya Uingereza.

Katika taabu hiyo watu walikwenda senema. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali ilifunga nyumba zote za senema, kwa hofu kwamba bomu moja lingeua mamia waliokusanyika mahali pamoja. Haukupita mwezi zikafunguliwa tena, maana watu bila burudani walikuwa wakikaa gizani wakisikiliza hofu zao. Kisha wakaja kwa wingi kuliko zamani. Mwaka 1939 tikiti zilizokatwa zilikuwa kama milioni 990. Mwaka 1945 zilifika kama milioni 1,585. Kama kingóra kililia katikati ya mchezo, watazamaji walitangaziwa: anayetaka kwenda kujificha aende, na picha itaendelea. Wengi walibaki vitini mwao.

Usidhani walibaki kwa sababu nyumba ya senema ilikuwa mahali pa salama. Hofu ya serikali haikuwa ya bure. Tarehe 16 Desemba 1944, katika mji wa Antwerp nchini Ubelgiji, kombora moja la Wajerumani liliangukia nyumba ya senema iliyojaa watu wakati picha ikionyeshwa. Walikufa watu 567. Waliokaa vitini walijua kwamba jambo kama hilo laweza kuwapata, na bado walikaa.

Sasa tuingie katika senema yenyewe. Ilitolewa mwaka huo wa 1944 na kampuni ya Gainsborough, na jina lake ni Time Flies. Waingereza wana usemi kwamba wakati huruka, wakiwa na maana kwamba siku hupita upesi kama ndege apitaye dirishani. Jina la senema linacheza na usemi huo, maana humo ndani watu wanaruka kweli, tena wanarukia nyuma.

Hadithi ni hii. Yuko profesa mmoja aliyetengeneza chombo cha ajabu, chenye umbo la mpira mkubwa, kiwezacho kumpeleka mtu katika zamani zilizopita. Profesa huyo ana mtumishi aitwaye Tommy. Tommy ni ayari. Anaona chombo cha bwana wake, naye hafikirii elimu hata kidogo, anafikiria fedha. Anaanzisha kampuni, Kampuni ya Kivuko cha Wakati tuseme, na kuuza hisa zake. Anayenaswa ni Bwana Bill, mtu wa jukwaani. Bill anatoa akiba yake na ya mkewe, Bibi Susie, na Bibi Susie hakuulizwa. Hapo nadhani kina mama darasani wameanza kutikisa vichwa. Hata Susie mwenyewe hakunyamaza: alikwenda kudai fedha zake. Katika vurumai hiyo wote wanne, profesa, Tommy, Bill na Susie, wakajikuta ndani ya kile chombo, nacho kikaondoka. Kiliposimama walikuwa London ileile, lakini London ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, miaka zaidi ya mia tatu nyuma.

Wazo la chombo cha kusafiri katika wakati halikuwa geni. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alikwisha kuandika kitabu juu yake mwaka 1895. Lakini msafiri wa Wells alikwenda mbele, akaona mambo ya kutisha ya siku zijazo. Watu wa 1944 walipelekwa nyuma. Nami naona sababu yake ni rahisi kuelewa. Nani mwaka ule alitaka kuambiwa yajayo? Ya mbele yalikuwa hayajulikani, na mengi yake ni mabomu. Ya nyuma yalikuwa yamekwisha, na tena yalikwisha vizuri: mwaka 1588, enzi za Elizabeth huyo huyo, Mfalme wa Hispania alituma merikebu nyingi za vita kuivamia Uingereza, nazo zikashindwa. Mtazamaji wa 1944 alipomwona Elizabeth, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Katika mwaka huohuo wa 1944 ilitolewa senema nyingine inayoanza kwa kuonyesha London ya siku zilezile, nayo ni Henry V ya Laurence Olivier. Hiyo ilikuwa ya rangi, ya heshima, na ya kuwatia watu moyo wa vita. Jambo la kuchekesha ni kwamba Felix Aylmer, mwigizaji aliyekuwa profesa katika Time Flies, ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury katika Henry V. Mwaka mmoja, mtu mmoja, huku mzee wa mtambo, huku askofu.

Lakini mtu aliyewavuta watazamaji ni yule aliyeigiza mtumishi ayari. Jina lake ni Tommy Handley. Alizaliwa Liverpool mwaka 1892, na wakati wa vita hapakuwa na sauti iliyojulikana Uingereza kama yake, labda isipokuwa ya Churchill. Alikuwa mtu wa redio. Mchezo wake ulianza mwaka 1939 katika BBC, nao uliitwa kwa maneno yenye maana ya "ni yule mtu tena". Maneno hayo yalikuwa yametumika katika magazeti kila Hitler alipofanya uchokozi mpya, na Handley akayachukua akayageuza kichekesho. Hofu ya mabomu ilipoifukuza idara ya michezo ya BBC kutoka London, ilikwenda Bristol, na Bristol nayo ilipopigwa ikahamia Bangor, mji mdogo wa Wales. Mchezo ulihama nayo.

Nataka ujue namna mchezo ule ulivyofanya kazi, kwa sababu wewe nawe unajifunza kwa redio. Kila wiki walikuja watu walewale wenye vituko vyao: mfagiaji wa ofisi, mlevi mmoja, na jasusi wa Kijerumani aliyepiga simu kwa sauti ya kutisha. Sauti ile ya kutisha ilitoka wapi? Mwigizaji alisemea ndani ya bilauri tupu, basi. Kila mmoja alikuwa na neno lake moja alilolisema kila wiki, na msikilizaji alilingoja. Mlango unafunguliwa, neno linasemwa, nchi nzima inacheka. Waliokuwa wamejificha chini ya ardhi wakiogopa mabomu walisemezana kwa maneno hayo.

Aprili 1942 Handley na wenzake waliitwa kwenye ngome ya Windsor kucheza mbele ya Mfalme George wa Sita, siku binti yake alipotimiza miaka 16. Binti huyo aliitwa Elizabeth. Ndiye huyo aliyekuwa Kenya mwezi wa Februari 1952 habari ya kifo cha baba yake ilipomfikia, akawa malkia mpaka alipofariki mwaka 2022. Kwa hiyo Handley alimchekesha Elizabeth mmoja kwa kweli, na miaka miwili baadaye akamchekesha mwingine kwa mchezo.

Senema haikumfaa kama redio. Hayo ni maoni yangu. Handley alisema haraka sana, neno likifukuza neno, na sikio huweza kumfuata mtu kama huyo kuliko jicho. Kwenye redio mlango ukigongwa unajiuliza ni nani. Kwenye picha unamwona amesimama. Hata hivyo mtengeneza picha, Walter Forde, ambaye alikwisha kutengeneza senema nyingine ya Handley mwaka 1943, alimzungusha na watu hodari. Bibi Susie aliigizwa na Evelyn Dall, mwimbaji wa Kimarekani aliyejulikana sana Uingereza kwa nyimbo za densi. Nyimbo zile za 1944 zinaimbwa katikati ya watu waliovaa kola kubwa za duara za mwaka elfu moja mia tano na kitu. Tena ukitazama vizuri utamwona mpiga fidla kati ya wanamuziki wa zamani. Huyo ni Stéphane Grappelli, Mfaransa, mmoja wa wapiga fidla wakubwa wa muziki wa jazi. Vita vilimkuta London naye akabaki huko, wakati mwenzake Django Reinhardt, mpiga gitaa, alirudi Ufaransa.

Haya, turudi kwenye ubao.

Katika London ile wasafiri wetu wanakutana na Malkia Elizabeth, na Sir Walter Raleigh, na William Shakespeare, na Kapteni John Smith, na Pocahontas, binti wa mkuu wa Wahindi Wekundu wa Virginia. Watazamaji waliyajua majina haya yote tangu shule, na waliyachukua yote pamoja kama mtu achotaye kunde kwa kiganja. Lakini wewe sasa unajua kusoma tarakimu. Tazama ubaoni. Elizabeth alianza kutawala 1558. Alifariki Machi 1603. John Smith na wenzake walifika Virginia kuanzisha mji wa Jamestown mwaka 1607. Pocahontas alifika Uingereza 1616. Basi niambie: Malkia aliyekufa 1603 angewezaje kukaa katika London moja na binti aliyefika 1616? Kaburi lake lilikuwa na miaka kumi na mitatu. Elizabeth alipofariki, Pocahontas alikuwa mtoto mdogo upande wa pili wa bahari, na hakuna Mwingereza aliyelijua jina lake.

Tumewakamata. Wala hatukuhitaji chuo kikuu, tumehitaji chaki na kutoa.

Kuhusu Raleigh, kila Mwingereza alifundishwa kwamba alitandika joho lake juu ya matope ili Malkia akanyage asichafue viatu. Hadithi nzuri. Iliandikwa kwanza na Thomas Fuller, na kitabu chake kilichapwa 1662, zaidi ya miaka arobaini baada ya Raleigh kukatwa kichwa mwaka 1618. Tena Raleigh alituma watu kwenda kukaa Virginia mwaka 1585 na 1587, lakini yeye mwenyewe hakukanyaga huko kamwe. Na Malkia aliyempenda ndiye aliyemfunga mwaka 1592, kwa kosa la kuoa kwa siri mmoja wa wanawake waliomhudumia.

Mambo ya Shakespeare ni matamu zaidi. Katika senema, Bibi Susie anamkuta mshairi amekwama, maneno hayaji. Anaandika mchezo wa Romeo na Juliet. Susie anayajua maneno, basi anamsomea, na Shakespeare anayaandika kwa furaha. Watu walicheka. Nawe cheka, kisha fikiri. Susie ameyajua maneno hayo kwa sababu yamo vitabuni. Yamo vitabuni kwa sababu Shakespeare aliyaandika. Shakespeare ameyaandika kwa sababu Susie alimwambia. Sasa ni nani aliyeyatunga? Jaribuni kubishana darasani dakika tano. Nawahakikishia hamtapata mshindi.

Ukweli wa mambo uko mahali pengine kabisa. Hadithi ya Romeo na Juliet haikuanza kwa Shakespeare. Ilikuwa hadithi ya Kiitaliano, na Mwingereza Arthur Brooke aliitungia shairi refu lililochapwa 1562, miaka miwili kabla Shakespeare hajazaliwa. Shakespeare aliichukua humo akaifanya mchezo, nao ulichapwa mara ya kwanza 1597. Kwa hiyo mzaha wa senema una chembe ya kweli: mtu yule alipokea kutoka kwa wengine. Ninyi msomao Kiswahili mnaweza kumsoma Shakespeare bila kumwuliza Bibi Susie, maana Julius Nyerere alitafsiri michezo yake miwili: Juliasi Kaizari, iliyotoka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969.

Jambo moja senema haikulisema. Susie ni mwanamke wa jukwaani, na katika Uingereza ya Elizabeth wanawake hawakuruhusiwa kucheza katika nyumba za michezo. Juliet wa kwanza alikuwa mvulana aliyevaa gauni. Wanawake waliingia jukwaani kama wachezaji wa kazi hiyo mwaka 1660 na kuendelea. Mwanamke ajuaye kazi yake namna ile angefika London hiyo akakuta mlango umefungwa.

Wala haikuonyesha ugonjwa. Elizabeth mwenyewe aliugua ndui mwaka 1562, nusura afe. Mwaka 1592 tauni iliingia London, na nyumba za michezo zikafungwa kwa sehemu kubwa ya miaka miwili, kwa sababu ileile ya 1939: hatari ya watu wengi kukusanyika mahali pamoja. Na Malkia katika uzee wake meno yalikuwa meusi. Msafiri mmoja Mjerumani, Paul Hentzner, alimwona mwaka 1598 akaandika hivyo, akaona sababu yake ni Waingereza kupenda sukari mno. Hebu wafikirie wale watazamaji wa 1944, wenye nusu ratili yao ya sukari kwa wiki, wakimtazama malkia aliyeoza meno kwa kuwa nayo nyingi!

Basi je, tuikasirikie senema kwa kuchanganya miaka? Mimi siikasirikii. Haikujifanya kitabu cha historia. Mtu aliyetoka kazini kiwandani usiku, katika giza, na chakula cha mgawo tumboni, alilipa ili akae saa moja na nusu katika nchi isiyo na eropleni hata moja angani. Kinachonisumbua ni kingine. Wengi hutoka katika nyumba ya senema wakiwa wameamini, na baada ya miaka ishirini wanamsimulia mtoto habari za Malkia Elizabeth na Pocahontas kana kwamba walikula meza moja. Watu wa mzaha wanajua kwamba wanatania. Mtazamaji ndiye anayesahau.

Mwisho wa hadithi sitausema, isije siku mkaipata picha hiyo mkanilaumu. Ya Handley nitayasema. Mchezo wake wa redio uliendelea baada ya vita, wiki kwa wiki. Tarehe 9 Januari 1949 alianguka ghafla akafa, akiwa na miaka 56. Maelfu ya watu walijipanga barabarani jeneza lake lilipopita, na ibada ya kumkumbuka ilifanywa katika kanisa kuu la St Paul's, mahali wanapokumbukwa majemadari. Mchezo wake haukuendelea bila yeye.

Sasa kazi ya darasa, na mwalimu asifute ubao. Raleigh alifungwa tena mwaka 1603, baada ya Elizabeth kufa, akatolewa Machi 1616. Shakespeare alifariki Aprili 1616, huko kwao Stratford. Pocahontas alifika Uingereza Juni 1616, akafariki Machi 1617 mjini Gravesend, akiwa safarini kurudi kwao. Raleigh aliondoka kwenda baharini katikati ya 1617. Andika katika daftari lako: kati ya Elizabeth, Shakespeare na Raleigh, ni yupi peke yake ambaye Pocahontas angeweza kupishana naye katika barabara za London? Andika na hesabu yako chini yake. Mwalimu atasahihisha.

Kwaherini mpaka wiki ijayo.